Nani Ameshika Ufunguo? Historia Fupi ya Ripita za Kidijitali za Gharama Nafuu

Historia ya teknolojia ya mawasiliano husimuliwa mara nyingi kwa mtazamo wa wenye viwanda. Tunasoma juu ya kampuni iliyovumbua, serikali iliyoidhinisha na mlaji aliyenunua. Yupo mtu wa nne ambaye hupewa tanbihi tu, kama anapewa chochote: yule aliyekifungua kifaa, akatazama ndani na kukiunda upya kwa gharama ndogo. Makala haya yanamhusu mtu huyo. Yanafuatilia jinsi wanaredio wa ridhaa, katika kipindi cha miaka ishirini na ushee, walivyojitafutia njia nafuu ya kujenga ripita za kidijitali, na yanauliza historia hiyo inatufundisha nini sisi ambao kwa kawaida tunanunua mitambo iliyokwisha kufungwa.

Tuanze na maana za maneno. Redio ya ridhaa ni huduma inayotambuliwa na sheria za kimataifa. Mtu hufanya mtihani, hupewa leseni na mamlaka ya nchi yake, kisha huruhusiwa kutumia masafa maalumu kwa kujifunza, kufanya majaribio na kuwasiliana bila kufanya biashara. Hupewa pia jina la kituo: kwa Tanzania huanza na 5H, Kenya 5Z na Uganda 5X. Ripita ni kituo kinachowekwa mahali pa juu, mlimani au juu ya jengo refu. Hupokea mawimbi dhaifu kwa masafa fulani na papo hapo huyarusha upya kwa nguvu zaidi kwa masafa mengine. Redio ya mkononi yenye nguvu ya wati 5, ambayo katikati ya majengo ya mji hufika kilomita chache tu, inaweza kupitia ripita kusikika makumi ya kilomita.

Ripita za analojia zilijengwa na mafundi wa kawaida. Ilipofika enzi ya kidijitali, swali likawa hili: je, kifaa hiki kitabaki mikononi mwa fundi, au kitageuka sanduku lililofungwa ambalo hununuliwa, hutumiwa na kutupwa? Mkulima anauliza swali hilohilo kuhusu mbegu, na ofisi ya serikali inapaswa kuliuliza kuhusu programu zake za kompyuta.

Warithi wa makombo

Mwaka 1912 Marekani ilitunga sheria ya redio iliyowasukuma wanaridhaa kwenye mawimbi ya urefu wa mita 200 na kushuka chini. Wataalamu wengi wa wakati huo waliamini kwamba mawimbi hayo mafupi hayangefaa kwa mawasiliano ya mbali. Wanaridhaa wakaachiwa kilichoonekana kuwa makombo. Novemba 1923, Fred Schnell wa Marekani na Léon Deloy wa Ufaransa walizungumza kwa pande zote mbili kuvuka Bahari ya Atlantiki, wakitumia mawimbi ya takriban mita 110. Baada ya hapo serikali na makampuni yalirudi kuyagombea mawimbi yaliyokuwa yamedharauliwa.

Mwenendo huo wa kujenga kwa kilichoachwa na wengine ulijirudia katika historia ya ripita. Katika miaka ya 1960 na 1970, vilabu vingi vya Marekani vilijenga ripita za FM kwa redio zilizostaafishwa kutoka kwenye teksi na magari ya polisi. Kwa lugha yetu, zilikuwa redio za mitumba. Fundi alibadilisha kristali za masafa, akarekebisha saketi, akaunganisha kipokezi na kirushi, na mji ukawa na ripita.

Mitumba iliongezeka tena kwa sababu ya sheria. Mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliamuru kwamba kufikia tarehe 1 Januari 2013 watumiaji wa kibiashara na wa usalama wa umma katika sehemu kubwa ya bendi za VHF na UHF wapunguze upana wa chaneli zao kutoka kilohezi 25 hadi 12.5. Redio ambazo hazikuweza kurekebishwa ziliondolewa kazini zikiwa bado nzima. Amri iliyokusudiwa kubana matumizi ya masafa ilizaa, bila kukusudia, wingi wa redio imara kwa bei ambayo klabu ndogo ingeimudu. Tuikumbuke hali hii, kwani tutaikuta tena mbele.

Kiwango cha Japani na chumba kilichofungwa

Mwishoni mwa miaka ya 1990 serikali ya Japani iligharimia utafiti wa teknolojia ya kidijitali kwa redio ya ridhaa, na kazi hiyo ikasimamiwa na chama cha wanaridhaa wa nchi hiyo, JARL. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2001 kwa jina la D-STAR. Kwa mwanafunzi wa sera za umma, huu ni mfano unaostahili kutazamwa: fedha ni za umma, msimamizi ni chama cha kiraia, na kiwango kimewekwa hadharani ili kila mtu akisome.

Hata hivyo, ndani ya nyumba hiyo iliyo wazi kulikuwa na chumba kimoja chenye kufuli. Sauti ya binadamu inapogeuzwa kuwa tarakimu kwa njia ya kawaida ya simu huhitaji biti 64,000 kwa sekunde. D-STAR ina nafasi ya biti 2,400 tu kwa ajili ya sauti, pamoja na biti 1,200 za kusahihisha makosa ya njiani. Kuibana sauti kiasi hicho na bado ieleweke ni kazi ya hesabu nzito, na hufanywa na sehemu iitwayo vokoda. Vokoda iliyochaguliwa ni AMBE, mali ya kampuni ya Marekani iitwayo Digital Voice Systems, iliyolindwa kwa hataza. Aliyetaka kuitumia alinunua chipu yake au leseni yake. Mtu angeweza kuijenga redio nzima kwa mikono yake kwa kusoma kiwango, lakini sauti isingetoka mpaka alipie chumba hicho.

Hapa kuna kinaya. Kanuni za Redio za Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, zinakataza wanaridhaa wa nchi mbalimbali kuficha maana ya mazungumzo yao kwa msimbo. Ni huduma inayotakiwa kuzungumza hadharani. AMBE si msimbo wa siri kisheria, lakini kwa vitendo asiye na chipu husikia mngurumo tu. Mazungumzo ya wazi yakawa na mlango wa kulipia.

Kwa miaka mingi mtengenezaji mkuu wa vifaa vya D-STAR alikuwa kampuni moja, Icom. Klabu iliyotaka ripita rasmi ilifuata bei ya mtengenezaji huyo, na pale ambapo muuzaji ni mmoja, mnunuzi hana pa kuegemea wakati wa kujadiliana.

Kiwango cha wafanyabiashara

Mwaka 2005 taasisi ya viwango vya mawasiliano ya Ulaya, ETSI, ilichapisha DMR. Kiwango hiki hakikutungwa kwa ajili ya wanaridhaa. Walengwa walikuwa makampuni ya ulinzi, hoteli, migodi na viwanda. Uzuri wake wa kiuchumi ulikuwa katika kugawana muda: chaneli moja ya kilohezi 12.5 hugawanywa katika zamu mbili zinazopokezana kila milisekunde 30, hivyo ripita moja hubeba mazungumzo mawili kwa wakati mmoja, kwa mnara mmoja na antena moja. Kwa kuwa watengenezaji walikuwa wengi, wakiwemo wa China, bei za redio za mkononi zilishuka hadi wanaridhaa wakavutwa nazo.

Na kufuli? ETSI haikulazimisha vokoda yoyote katika kiwango hicho. Watengenezaji wenyewe walikubaliana kutumia AMBE+2, kizazi kipya cha vokoda ileile. Kwa hiyo karatasi iliacha mlango wazi, na soko likaufunga. Afisa wa serikali anayeamini kwamba neno «kiwango huria» kwenye nyaraka za zabuni linatosha anapaswa kulitafakari jambo hili.

Mwaka 2013 Yaesu nayo ilileta mfumo wake, System Fusion, ikafuatiwa na ripita zilizouzwa kwa vilabu kwa punguzo kubwa. Vilabu vingi vilifaidika, na haifai kubeza. Hata hivyo ukarimu huo ulikuwa na hesabu yake: ripita ikishasimama kilimani, wanachama wote watatafuta redio zinazoelewana nayo. Kufikia hapo wanaridhaa walikuwa na lugha tatu zisizosikilizana, na klabu iliyotaka kuwahudumia wote ingehitaji ripita tatu.

Tarishi asiyefungua bahasha

Njia ya kutoka ilipatikana kutokana na vitu vitatu vilivyokutana. Cha kwanza ni redio za mitumba tulizokwisha kuzitaja. Cha pili ni kompyuta ndogo za bei nafuu: Raspberry Pi iliyobuniwa Cambridge, Uingereza, iliingia sokoni tarehe 29 Februari 2012 kwa dola 35, na mwishoni mwa mwaka huohuo ikaja bodi ya Arduino Due yenye kichakato chenye uwezo wa kushughulikia mawimbi papo kwa papo. Cha tatu ni programu huria.

Mtu aliyeviunganisha vitu hivyo kwa namna iliyoenea zaidi ni Mwingereza Jonathan Naylor. Awali alikuwa ameandika programu za kuendesha ripita za D-STAR kwa kompyuta ya kawaida. Katikati ya miaka ya 2010 alitoa mfumo uitwao MMDVM, yaani modemu moja inayoelewa lugha nyingi za sauti ya kidijitali, na akaweka msimbo wake hadharani chini ya leseni ya GPL, kwa matumizi ya wanaridhaa na ya elimu.

Muundo wake ni rahisi kuueleza. Chukua redio mbili za FM, moja ya kupokea na moja ya kurusha. Ziwe na soketi ya data inayotoa na kuingiza mawimbi kabla hayajapitia vichujio vya sauti, maana vichujio hivyo huharibu tarakimu. Katikati yake weka bodi ndogo ya kichakato inayogeuza mawimbi kuwa biti na biti kuwa mawimbi. Iunganishe bodi hiyo na Raspberry Pi, ambayo husimamia kanuni za kila lugha. Ripita hiyo moja inaweza kushughulikia D-STAR, DMR, mfumo wa Yaesu na hata P25 inayotumiwa na polisi na zimamoto wa Marekani. Lugha tatu zisizosikilizana zinapata nyumba moja, ingawa kila moja huzungumza kwa zamu yake.

Msomaji makini atauliza: na ile chipu ya AMBE imekwenda wapi? Hapa ndipo penye fikra iliyobadilisha bei. Ripita haina haja ya kusikia sauti. Kazi yake ni kupokea biti, kusahihisha zilizoharibika njiani na kuzirusha upya zikiwa safi. Kusahihisha makosa hakuhitaji kuifungua sauti, kama vile tarishi asivyohitaji kufungua bahasha ili aifikishe barua. Sauti hufunguliwa na redio ya msikilizaji, ambayo tayari ina chipu iliyokwisha kulipiwa. Gharama iliyodhaniwa kuwa ya lazima ilitoweka kwa kuuliza tu kila sehemu inafanya kazi gani.

Fikra hiyo ina mpaka. Ukitaka aliye kwenye D-STAR azungumze moja kwa moja na aliye kwenye DMR, lazima mtu aifungue bahasha ya kwanza na kuiandika upya kwa mwandiko wa pili. Hapo chipu hudaiwa tena. Kufuli lilikuwa limezungukwa, halijavunjwa.

Kulivunja kufuli lenyewe

Kulivunja kulihitaji kazi ya aina nyingine. Bruce Perens, mmoja wa watu walioasisi harakati za programu huria nchini Marekani, alikuwa akilalamika kwamba redio ya ridhaa ilikuwa inajenga mustakabali wake juu ya vokoda inayomilikiwa na kampuni moja. David Rowe, mhandisi wa Australia mwenye shahada ya uzamivu katika usimbaji wa sauti, aliichukua kazi hiyo. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000 aliunda Codec 2, vokoda huria inayofanya kazi kuanzia biti 3,200 kwa sekunde kushuka hadi mamia machache. Yeyote anaweza kuisoma, kuirekebisha na kuitumia bila kulipa.

Mwaka 2019 Wojciech Kaczmarski wa Poland alianzisha mradi wa M17, mfumo mzima wa redio ya kidijitali unaotumia Codec 2, usio na chumba kilichofungwa hata kimoja. MMDVM baadaye ikaongezwa uwezo wa kuuelewa. Kwa mara ya kwanza klabu ingeweza kujenga ripita, redio na vokoda bila kuomba ruhusa ya mwenye hataza popote.

Je, M17 imeshinda? Hapana. Redio za viwandani zinazoielewa ni chache sana zikilinganishwa na za DMR, na mtu huenda waliko wenzake. Kufuli likivunjwa, mazoea hubaki. Wanaotetea teknolojia huria mara nyingi husahau hilo, wakidhani kwamba kitu kilicho bora kisheria kitajisambaza chenyewe.

Hesabu ambazo programu haiwezi kuzifuta

Wapo watakaosoma haya na kudhani kwamba ripita nzima hujengwa kwa dola 35. Hapana. Kilichokuwa nafuu ni ubongo; mwili bado ni ghali.

Ripita hurusha na kupokea kwa wakati mmoja, mara nyingi kwa antena moja. Kwenye bendi ya mita 2 tofauti ya masafa hayo mawili ni kilohezi 600 tu. Bila kizuizi madhubuti, kirushi kitakizibia kipokezi masikio. Kizuizi hicho huitwa dupleksa, na kwa bendi hiyo ni mitungi mikubwa ya chuma iliyotengenezwa kwa vipimo vya makini. Hakuna programu inayochukua nafasi yake. Njia nafuu ni kuhamia bendi ya sentimita 70, ambako tofauti ya masafa huwa megahezi kadhaa na dupleksa ndogo inatosha, au kutumia antena mbili zilizotenganishwa vizuri kwa wima. Bado kuna mnara, waya mzuri wa antena, kinga ya radi, betri na barabara ya kupanda mlimani. Anayepanga bajeti aanze na orodha hiyo, kisha ndipo afikirie kompyuta.

Kuna gharama nyingine iliyofichika. Ripita nyingi za kidijitali huunganishwa na nyingine duniani kwa intaneti, na hilo ni jambo la kuvutia. Lakini tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, watumiaji wa intaneti Tanzania, Kenya na majirani waliona jinsi huduma inavyodhoofika kwa siku kadhaa. Baada ya kimbunga Maria kuipiga Puerto Rico mwezi Septemba 2017, mitandao ya simu ilianguka karibu kisiwa kizima, na Msalaba Mwekundu wa Marekani ukaomba msaada wa wanaridhaa. Thamani ya ripita wakati wa maafa iko katika uwezo wake wa kusimama peke yake, kwa betri yake, kwenye kilima chake. Inayotegemea seva ya mbali ili ifanye kazi imerithi udhaifu wa kile ilichopaswa kukisaidia.

Tunajifunza nini?

Nchi za Afrika Mashariki zina wanaridhaa wachache. Nchini Tanzania leseni hutolewa na TCRA, na Kenya na Uganda zina mamlaka zake. Kwa hiyo sidai kwamba ripita za ridhaa zitatatua matatizo yetu ya mawasiliano. Ninachodai ni kwamba historia hii inatupa maswali ambayo hayaulizwi vya kutosha tunaponunua mifumo ya kidijitali kwa fedha za umma, iwe redio za askari wa wanyamapori, mitambo ya hospitali au kanzidata za halmashauri.

Kwanza, ndani ya mfumo unaoitwa huria, ni chumba kipi kilichofungwa, na nani ana ufunguo? DMR imetuonyesha kwamba kiwango kinaweza kuwa wazi kwenye karatasi na kufungwa sokoni. Pili, je, tunalipia kazi ambayo haihitajiki? Tarishi hakuhitaji kufungua bahasha, na aliyegundua hivyo ni mtu aliyeelewa kazi ya kila sehemu, jambo ambalo mnunuzi asiye na wataalamu wake hawezi kulifanya. Tatu, vifaa vyetu vinavyostaafishwa vinakwenda wapi? Kule kwingine redio zilizoachwa na polisi zilikuwa darasa la vijana. Kwetu mali chakavu za umma mara nyingi huozea nyuma ya ofisi au hupigwa mnada kwa wauza vyuma, wakati vyuo vya ufundi vinafundisha elektroniki kwa michoro ya ubaoni. Hili halihitaji mfadhili. Linahitaji waraka wa utumishi na sahihi ya mtu mmoja mwenye mamlaka.

Swali la nne ni la vyuo vikuu, nami nimo humo. Codec 2 ilitokana na mtu aliyeisomea hesabu ya sauti hadi shahada ya uzamivu, kisha akaitoa matunda yake kwa wote. Tunao wahandisi waliosoma hesabu hizohizo. Wangapi kati yao wamepewa muda, maabara na sababu ya kufungua kitu na kukiunda upya?

Unafuu tuliousimulia haukutokana na punguzo la bei, hata pale punguzo lilipotolewa. Ulitokana na watu waliokuwa na haki ya kisheria ya kufanya majaribio, vifaa vya kuyafanyia na mazoea ya kuchapisha walichokipata. Haki hiyo sheria zetu zinaitambua tayari kwa yeyote atakayefanya mtihani. Vifaa vimelala kwenye bohari zetu. Mazoea ya kuchapisha ndiyo tunayopaswa kuyajenga wenyewe, na kwa hayo hakuna zabuni ya kutangaza.